Majibu ya Arobaini na Moja

Mimi si daktari. Naanza na hilo kwa sababu kwa miezi kadhaa niliitwa daktari vijijini Rungwe, kuanzia Isongole mpaka Matwebe, na sikumsahihisha hata mtu mmoja. Nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya sayansi za tiba katika chuo kimoja cha udaktari Dar es Salaam, na kazi yangu ilihusu damu ya watu, si watu wenyewe. Lakini ukishuka kwenye bodaboda na koti jeupe, boksi la barafu umelipakata, nani atakuuliza vyeti? Wakiniita daktari niliitika, tena kwa ile sauti ya upole wanayoitumia madaktari.

Utafiti wangu ulikuwa juu ya ugonjwa ambao wafugaji wengi wanaujua kama ugonjwa wa kutupa mimba, kwa kuwa ng'ombe akiupata, ndama hutoka kabla ya siku zake. Binadamu naye huupata, kwa kunywa maziwa mabichi au kwa kumzalisha ng'ombe na mikono mitupu. Unamletea homa za kuja na kuondoka, jasho, maumivu ya viungo na ya mgongo. Dalili zenyewe ni za kila ugonjwa, kwa hiyo mtu anatibiwa malaria leo, taifodi mwezi ujao, na wakati huo wote mgongo unaendelea kuliwa. Kwenye pendekezo la utafiti niliandika kwamba nimeichagua Rungwe kwa sababu watu wake wanafuga na wanapenda maziwa. Ni kweli, lakini sababu iliyonisukuma ni kwamba nilitaka kurudi nyumbani nikiwa mtu wa maana.

Shida ni kwamba nyumbani hapakuwapo tena. Babu yangu alipanda kutoka pwani na cherehani moja, akaanza kushona kanzu na suruali za shule kwenye kibaraza mjini Tukuyu. Baba akakirithi kile kibaraza. Baba alipofariki, mama akamfuata dada yangu Morogoro, akisema kifua chake kimechoka na baridi, na nyumba tukaipangisha. Mimi mtoto wa mjini pale nikapanga chumba gesti, mtaa wa pili kutoka kwetu. Dirisha langu lilitazama uani kwetu. Kila siku mchana niliona nguo za wapangaji zimesahaulika kwenye kamba yetu, zinanyeshewa, kwa sababu walikuwa wageni na hawakuwa wamejua bado kwamba Tukuyu nguo zinaanuliwa kabla ya saa saba. Mara nyingine nilitaka kutoka nikaanue. Sikuenda, ningewaambia mimi ni nani?

Sasa nieleze kosa langu, maana limo katika neno moja tu.

Kabla ya kumtoa mtu damu ni lazima umsomee fomu ya ridhaa, akubali kwa hiari yake, atie saini au dole gumba. Fomu yetu iliandikwa kwanza kwa Kiingereza, ikasema kwamba tutakachogundua kitarudishwa kwa jamii. Mtafsiri wa chuo akaandika "matokeo". Nikalitazama lile neno kwa dharau. Kwetu matokeo ni ya kidato cha nne, au ya mpira. Mtu aliyepimwa hospitali hafuati matokeo, anafuata majibu. Nikalikata kwa kalamu nyekundu, nikaandika: "Majibu yatarudishwa kwenu." Kichwani mwangu "kwenu" ilikuwa mkutano kwenye ofisi ya kata, mimi nimesimama mbele na chati ukutani, wananchi wamekaa kwenye mabenchi. Kamati ya maadili ikapitisha. Mwalimu wangu msimamizi, mzee mkimya asiyesifu ovyo, akaniambia kwamba hiki ndicho Kiswahili ambacho watu watakielewa. Nilivimba kichwa wiki nzima. Na kweli walikielewa.

Kijiji cha Lufingo nilikwenda katikati ya mwezi wa Ramadhani. Aliyenitembeza nyumba kwa nyumba alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, mama wa makamo mwenye viatu vya mvua na maneno mengi, na siku ya tatu alinipandisha kilima hadi kwenye nyumba ya mwisho kabla ya migomba kuisha. Hapo aliishi bibi mmoja peke yake na ng'ombe mmoja. Wanawe walikuwa Mbeya na Dar, wanakuja kwenye misiba. Tulimkuta amekaa kizingitini, amejifunga khanga mbili juu ya sweta, anachambua maharage.

"Shikamoo bibi."

"Malahaba, mwanangu. Ugonile."

Nikaitikia ninavyojua. Kinyakyusa changu ni cha sokoni: kinaweza kusalimia, kupunguza bei ya ndizi na kutukana kidogo. Bibi akacheka, akamuuliza mhudumu jambo kwa Kinyakyusa, na nikasikia jina la baba yangu limo ndani yake. Kumbe sare za shule za wanawe zilishonwa na baba. Akanitazama upya, kuanzia juu hadi chini, kama anayetafuta mshono wa baba kwenye koti langu. Tangu nimefika wilayani ile ilikuwa mara ya kwanza mtu kunijua, nami nikainama kufungua boksi la barafu ambalo halikuhitaji kufunguliwa bado.

Nikamsomea fomu. Alisikiliza amefumba macho, nikadhani amesinzia. Alinieleza kwamba ana homa za jioni, kwamba mgongo unamuuma kama kuna mtu ameukalia, na kwamba ng'ombe wake alitupa ndama masika yale na yeye mwenyewe ndiye aliyemtoa kwa mikono na kumzika. Niliandika yote. Nilipofika kwenye ile sentensi yangu, alifumbua macho.

"Utaleta wewe?"

"Nitaleta mimi, bibi."

"Hapahapa?"

"Hapahapa."

Akatoa dole gumba. Nilimtoa damu kwenye mkono wa kushoto, mshipa mwembamba uliokuwa ukinikimbia, naye akaitazama inavyopanda kwenye mrija bila kukunja uso. Nikabandika karatasi yenye namba.

"Sasa wewe ni arobaini na moja," nikamtania.

"Nina jina, gwe mwana."

"Jina linabaki kwenye daftari, bibi. Inayosafiri ni namba."

Akaugusa ule mrija kwa kidole. "Haya. Isafili salama."

Kisha akaniletea maziwa ya mgando kwenye kikombe cha bati, kimejaa hadi mdomoni. Kwetu huwezi kuondoka kwenye nyumba ya mtu mkavu, na maziwa ndiyo heshima yenyewe. Nikasema nimefunga. Ilikuwa kweli, lakini siku hiyo nilimshukuru Mungu kwa saumu kwa sababu isiyo ya dini hata kidogo: mimi ndiye niliyesoma vitabu juu ya maziwa yale. Bibi akasema, "Aa, wa Kiislamu," akakiweka kikombe pembeni kwa adabu, akafunika na sahani. Nikamwambia achemshe maziwa kila siku, nikasema harakaharaka kama mtu anayesoma tangazo, kwa sababu wingu lilikuwa limeshashuka na dereva wa bodaboda alikuwa anapiga honi. Bibi aliitikia kwa kichwa kama tunavyowakubalia watoto.

Nikarudi Dar es Salaam na mirija yangu.

Watu wanadhani maabara ni mahali pa hekaheka, na labda kwingine ni hivyo. Yetu ilikuwa chumba kirefu kisicho na dirisha, chenye friza tatu zinazonguruma. Wenzangu tuliodahiliwa pamoja walikuwa na wake, waume, vipindi vya kufundisha, kazi hospitalini. Walikuja, wakafanya yao, wakaondoka. Mimi nilikuwa naingia asubuhi na kutoka jioni, na siku nyingine niligundua kwenye kituo cha basi kwamba sijafungua mdomo tangu nilipomsalimia mlinzi. Mama alipiga simu Ijumaa. Aliniuliza nimekula nini, nikamdanganya, tukaagana. Siku ya Idd nilivaa nguo mpya, nikaenda kuswali, nikatoka msikitini katikati ya watu wanaokumbatiana, nikasimama kidogo, halafu nikaenda maabara. Nilijiambia kwamba sampuli hazijui Idd. Ukweli ni kwamba sikuwa na pa kwenda.

Nikaanza kusema na mirija. Si jambo la kujivunia. Nilikuwa nawatoa kwenye friza, nawapanga, nawaambia: njooni, Isongole, mmezoea baridi nyinyi. Matwebe, sogeeni. Namba zote zilikuwa namba tu, isipokuwa moja. Arobaini na moja nilikuwa namsalimia kwa heshima. Shikamoo bibi.

Miezi miwili baada ya Lufingo, yule mhudumu wa afya akanitumia ujumbe wa sauti. Nyuma yake mvua ilikuwa inapiga bati. "Dokta, za huko. Yule bibi wa juu kule, wa ng'ombe mmoja, anaulizia majibu yake. Homa zimezidi. Nikimwambia twende hospitali anasema ameshatolewa damu, hawezi kutolewa mara mbili kwa ugonjwa mmoja. Anasema daktari wake ameahidi kuleta mwenyewe. Sasa tufanyeje?"

Niliusikiliza mara tatu. Jibu lake lilikuwa rahisi, halihitaji shahada: mpelekeni hospitali leo, asinisubiri, mimi si daktari wake wala wa mtu yeyote. Hapo bado sikuwa nimeipima damu yake. Sikuwa na siri yoyote ya kulinda.

Nikabonyeza kinasa sauti nikasema: "Mwambie asubiri kidogo. Naja."

Nimejiuliza sana kwa nini. Zamani nilijitetea kwamba nilikuwa na kazi nyingi, kwamba nilijibu bila kufikiri. Uongo. Nilifikiri. Niliposikia "daktari wake" nilisikia raha ambayo sikuwa nimeisikia kwa muda mrefu. Katika nchi nzima hii palikuwa na mtu mmoja anayetazama njia akingoja nitokee mimi, na si mwingine. Nikautaka ule ungojaji, nikauacha uendelee.

Kipimo chetu kinafanyika kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo vidogo, kila kishimo damu ya mtu mmoja. Unatia dawa, unasubiri, na chenye ugonjwa hugeuka njano. Siku nilipofikia mirija ya Lufingo, vishimo vingi vilibaki vyeupe. Kimoja kiligeuka njano kabla hata sijakaa, njano nzito ya kiini cha yai la kienyeji. Nikahesabu kutoka juu, nikahesabu tena kutoka chini. Nilijua kabla ya kuhesabu. Nikairudia kazi nzima siku iliyofuata kwa mrija mwingine wa damu ileile, na kikageuka tena.

Kwa utaratibu wetu, majina yalikuwa kwenye daftari lililofungiwa kwa msimamizi, ili mtu wa maabara asijue damu ni ya nani. Kumwambia mshiriki majibu yake binafsi kulihitaji kibali cha kamati. Nikaandika barua. Kamati ikataka maelezo zaidi, nikaandika maelezo zaidi. Kikao kikaahirishwa. Mhudumu wa afya aliniandikia mara mbili katika muda huo, nami nikamjibu kwamba nafuatilia. Nilijiona mtu mwadilifu, mwenye kufuata sheria hata moyo ukiuma. Nililala vibaya, nikapungua, nikaona kwamba hayo ndiyo mateso ya kazi.

Barua ya kibali ilipotoka nilikimbia nayo ofisini kwa msimamizi. Akaisoma, akavua miwani.

"Huyu bibi yukoje sasa?"

"Anaumwa, mwalimu. Alikuwa anasubiri."

"Anasubiri nini?"

"Kibali, mwalimu. Nisingeweza kumwambia."

Hakupandisha sauti. "Majibu usingeweza kumwambia. Lakini kumwambia mtu anayeumwa aende hospitali, hilo nalo lilihitaji kibali?"

Aliniuliza kama nina nauli, nikasema ninayo, nikatoka.

Nilifika Lufingo siku ya pili yake, kunanyesha, matope yamefika kwenye magoti ya dereva wa bodaboda na yangu. Mhudumu wa afya alinipokea njiapanda. Safari hii maneno yake yalikuwa machache. Alisema bibi haamki tena bila kushikwa, na kwamba binti yake mmoja amerudi kutoka Mbeya kumtunza. Tukapanda kilima.

Alikuwa amelala kitandani, ubavu, amekunjika. Nilimsalimia, akanijua kwa sauti.

"Daktali. Umeleta majibu gangu?"

"Nimeleta, bibi."

"Soma."

Nikatoa karatasi, nikaona upuuzi wake, nikairudisha mfukoni. Nikamwambia kwa mdomo: una ugonjwa, ulitoka kwa ng'ombe, una dawa, na mtu hupona. Binti yake aliyekuwa amesimama mlangoni akauliza ulijulikana lini. Nikasema miezi mitatu iliyopita. Akanitazama, kisha akatoka kwenda jikoni, na nikasikia sufuria likiwekwa chini kwa nguvu.

"Mimi si daktari, bibi," nikasema. Sijui kwa nini niliona hilo ndilo la kusema kwanza. "Mimi ni mwanafunzi. Ulipouliza, ilinipasa niseme wakupeleke hospitali. Nikasema usubiri."

"Nilisubili," akasema. Alikuwa hanilaumu, alikuwa ananikubalia tu, na hapo nilitamani angenifukuza.

Kesho yake tulimteremsha kilima kwa machela ya majirani, tukampeleka hospitali. Dawa ni za wiki sita. Homa zilikatika siku chache tu baada ya kuanza. Daktari, huyu wa kweli, alituonyesha picha ya mgongo na kusema pingili mbili zimeshaharibika, na kwamba atatembea, ila kwa fimbo na ameinama. Angekuja mapema, alisema, halafu hakumalizia, kwa kuwa alidhani mimi ni ndugu wa mgonjwa.

Nilikaa Tukuyu mpaka aliporudishwa nyumbani. Siku ya kuaga nilipanda kilima peke yangu. Bibi alikuwa amekaa kizingitini pale pale, amejikunja kiasi kwamba kunitazama ilibidi ageuze shingo kama kuku. Binti yake alinisalimia kwa mbali, nikaona ni haki yangu. Bibi akamwita, akamwambia neno, na binti akaleta kile kikombe cha bati, kinatoa moshi.

"Leo umefunga?"

"Leo sijafunga, bibi."

"Tumechemsha."

Nikanywa. Yaliniunguza ulimi, nikaendelea kunywa, na machozi yakaanza kunitoka nikiwa na kikombe mdomoni, hata sikuweza kuyafuta. Bibi alingoja nimalize.

"Mbona ulisema nisubili?" akauliza. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayetaka tu kujua.

Nilikuwa nimetayarisha maneno juu ya kamati. Hayakutoka. "Sina mtu mwingine anayenisubiri, bibi," nikasema. "Nilipenda."

Ng'ombe akakohoa bandani, na binti akaenda kumtazama. Bibi akachukua kikombe mkononi mwangu, akaangalia ndani kama kweli maziwa yameisha, akakiweka chini.

"Na damu yangu iko wapi sasa?"

"Iko Dar es Salaam. Imebaki kidogo, kwenye friza."

"Inakaa na nani huko?"

Ndivyo watu wa kwetu wanavyouliza juu ya mtoto aliyekwenda mbali: hawaulizi anafanya nini, wanauliza anakaa na nani.

"Inakaa na mimi."

"Nyinyi wawili tu?"

"Sisi wawili tu."

Aliweka mkono wake juu ya fimbo, mvua imeanza kudondoka kwenye migomba.

"Basi usiiludishe," akasema. "Ikae na wewe."